Simu Mbili, Gunia Moja

Kimumu, Eldoret
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Chamgei, Mama,

Nimempa Shitanda wa gari la maziwa sanduku lenye kipimo cha unyevu wa mahindi na simu ya kikundi chenu cha wakulima. Nimemwapisha asiweke kitu juu yake, hata kofia. Ningekupigia, lakini binti yako Diana aliniambia hupendi kuongea kwa simu hapo ghalani watu wote wakisikiliza, na kwamba ulifundisha darasa la nne kuandika barua miaka thelathini. Basi nakuandikia, ila tafadhali usinirudishie hii ikiwa na wino mwekundu.

Utatia kikombe kimoja cha mahindi ndani ya kipimo, ubonyeze kitufe cha kijani kwenye app, na kipimo kitaiambia simu, bila waya, unyevu ni asilimia ngapi. Kumi na tatu na nusu kushuka chini, gunia linaingia ghalani. Ikizidi hapo, mwenyewe arudi akaanike.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, ikiwa kipimo kilinunuliwa kikiwa tayari. Ni hivi. Kampuni iliyokiunda ndiyo inayojua kinavyofikiri. Wao hutoa kifurushi cha programu, sisi tunakiita library, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Kifurushi kimoja ni cha simu za Android kama ya kikundi, kingine ni cha iPhone kama ile Mwenyekiti Kiptoo aliyoletewa na mwanawe. Kila kimoja kina lugha yake. Mimi app yangu nimeiandika mara moja tu, kwa lugha ya tatu, ili ifanye kazi kwenye simu zote mbili. Kwa hiyo imebidi niwe mkalimani hapo katikati: app inauliza, natafsiri, kifurushi kinajibu, natafsiri tena. Ni mistari mia mbili hivi, na imenila wiki tano.

Nimeijaribu kwenye simu zote mbili, kwa mahindi makavu na mabichi. Usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza mwenyewe tangu niache ofisi ya Nairobi. Baba anamwambia kila mteja anayeingia dukani kwake huko Munyaka, hata aliyekuja kununua kiberiti. Nina furaha, Mama.

Wako,
Ciru


Ziwa
22 Oktoba 2024

Mwanangu Ciru,

Nakusalimu, na nyumba nzima inakusalimu. Sanduku lilifika salama. Shitanda alilishusha kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, akakataa hata kusaidiwa. Wino mwekundu sikuutumia. Aya zako ni fupi na mwandiko unasomeka, jambo ambalo Diana hajaliweza mpaka leo.

Wewe ni mtoto wa mjini, kwa hiyo nikueleze jinsi mambo yalivyo hapa. Kila mwanachama analeta mahindi yake, tunayaweka ghala moja, tunauza pamoja mwezi wa tano. Mwezi wa tano mwaka huu tulifungua tukakuta ukungu. Machache yaliingia mabichi, yakaharibu majirani zake. Magunia sitini tuliyatupa shimoni, na wenyewe wamesimama wakiangalia. Mimi ndiye mtunza ghala, mimi ndiye niliyeyapokea. Mwenyekiti amesema wazi kwamba yakioza tena, kikundi kinavunjika, kila mtu aende na lake.

Zamani nilipima kwa meno. Naweka punje kwenye gego, nauma. Ikipasuka kwa mlio ni kavu, ikibonyea ni mbichi. Watu walikuwa wakitoka mbali kuniletea punje mfukoni niwaumie. Sasa nimestaafu kuuma. Acha mashine ifanye kazi.

Jana tulipima magunia ishirini na sita na yote yakapita. Watu walipiga makofi. Ninalo swali moja tu, mwalimu wangu mpya. Hiyo mashine inaweza kukosea?

Mimi,
Jepkemboi, Mama Diana


Kimumu
25 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Umenichekesha na hilo swali. Kipimo kimekaguliwa kiwandani, na kimekuja na cheti chenye muhuri. Kikisema kumi na tatu, ni kumi na tatu. Wewe bonyeza kitufe cha kijani, kisha ukae kwa raha zako unywe chai.

Ishirini na sita kwa ishirini na sita! Nilimsomea Baba hapo kaunta. Na kuna habari nyingine: kikundi cha Moiben kimenipigia, wanataka app hii hii. Wamesikia kwenu. Nikiwapata hao, nitakodisha kachumba ka ofisi na kuweka jina langu mlangoni. Niombee.

Mwenyekiti anaionaje kwenye simu yake? Hajaniambia chochote.

Wako,
Ciru


Ziwa
9 Novemba 2024

Ciru mwanangu,

Mvua imekuja wakati hakuna aliyeihitaji. Watu wanavuna haraka na kuleta haraka, na ghala limejaa mpaka dirishani. Tumefika magunia mia mbili na kumi na mawili. Watu wanaisifu simu ya kikundi. Wanasema ina huruma.

Mwenyekiti ameacha kuja na simu yake. Anasema inamaliza chaji.

Mzee Kigen alileta gunia Alhamisi. Nilimwambia ghala limejaa upande ule, alirudishe nyumbani aanike kidogo wakati tunapanga nafasi. Alikasirika, lakini mimi na yeye tumekasirikiana tangu ujana na bado tunasalimiana.

Habari za Moiben ni njema sana. Nakuombea. Nimefurahi kwa ajili yako kuliko ninavyoweza kuandika, na ndiyo maana leo barua ni fupi.

Jepkemboi, Mama Diana


Kimumu
12 Novemba 2024

Mama,

Naomba unijibu jambo moja bila kunizunguka.

Simu ya kikundi ikipata mtandao hunitumia vipimo vyote. Naliona gunia la Mzee Kigen la Alhamisi: kumi na tatu nukta moja. Lilipita. Lakini umelirudisha. Nimeangalia nyuma, nikaona mengine matano ambayo app iliyapitisha na hayamo kwenye orodha ya ghala. Yote uliyapima wewe.

Kama huiamini kazi yangu, Mama, niambie. Nitaumia, lakini nitapona. Kinachoniuma sasa ni kusifiwa kwenye barua huku nyuma yangu unarudisha magunia. Watu wa Moiben wanakuja kuniona wiki ijayo. Niwaambie nini?

Ciru


Ziwa
15 Novemba 2024

Mwanangu,

Umeuliza kama mtu mzima, nami nitakujibu hivyo. Kaa chini kwanza.

Meno yangu si yangu. Niling'olewa Agosti mwaka jana, yote ya juu na mengi ya chini, nikawekewa ya bandia na fundi wa huko mjini. Diana tu ndiye anayejua. Mwanzoni yalikataa kabisa kukaa. Yametengenezwa na mtu mwingine, kwa kipimo chake yeye, na kinywa changu kina mambo yake. Nilirudi mara nne akiyakwangua kwa tupa mpaka tukaelewana. Lakini siku za mavuno yale ya mwaka jana yalikuwa mapya, hayasikii kitu, nami sikutaka mtu ajue. Nikauma punje za watu nikisema kavu, kavu, kavu. Yale magunia sitini ni mimi, Ciru. Sijamwambia mtu yeyote. Waliponunua kipimo nilimshukuru Mungu, maana sasa hakuna atakayeniomba niume.

Sasa sikia. Nilipopima gunia la Kigen, simu ilisema kavu. Niliuma punje kwa siri nyuma ya mlango, tabia ya zamani haiishi. Ikabonyea. Nikajiambia, Jepkemboi, ni hayo meno tena, nyamaza. Lakini sikuweza kuliingiza. Ndivyo ilivyokuwa kwa yale matano pia. Kwa mengine niliogopa na nikayaacha yakapita.

Simu ya Mwenyekiti haimalizi chaji. Siku ile ya kwanza ilisema kumi na tano pale ya kikundi iliposema kumi na mbili na nusu. Watu wakacheka, wakasema hiyo ya bei kali inaringa. Wote wakahamia kwenye foleni ya simu yenye huruma, naye akaiweka mfukoni kwa aibu. Juzi nilimwendea nyumbani na mahindi ya gunia la Kigen niliyokuwa nimebakiza, tukayapima kwa simu mbili. Ya kikundi, kumi na tatu nukta moja. Yake, kumi na sita nukta nne.

Basi nikafanya kama mama yangu alivyofanya. Chumvi kavu kiganja kimoja, mahindi kikombe, ndani ya chupa ya soda iliyokauka. Unatikisa, unaacha robo saa. Kama mahindi ni makavu, chumvi inabaki chini. Hii ilishika kioo chote mpaka shingoni.

Sikukuambia kwa sababu mbili. Niliogopa kukuharibia jina siku ulipoanza kulijenga. Na niliogopa ungeuliza nimejuaje.

Nisamehe,
Jepkemboi


Kimumu
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mama,

Shitanda anangoja nje na injini inanguruma, kwa hiyo hii nitaiandika mbio.

Meno yako yako sawa. Mwenyekiti yuko sawa. Chumvi iko sawa. Mimi ndiye niliyekosea.

Ndani ya kifurushi cha kampuni kuna orodha ya nafaka: ngano, mahindi, shayiri, maharage. Kila nafaka ina hesabu yake, na app lazima itaje namba ya nafaka kabla ya kupima. Walioandika cha iPhone walianza kuhesabu kwa sifuri, kwa hiyo ngano ni sifuri, mahindi ni moja. Walioandika cha Android walianza kwa moja, kwa hiyo ngano ni moja, mahindi ni mbili. Mimi mkalimani nikatuma moja kote kote. Simu ya Mwenyekiti ilipima mahindi. Ya kikundi imekuwa ikipima mahindi yenu kwa hesabu ya ngano kwa wiki nne. Imeandikwa kwenye ukurasa wa kumi na moja wa maelezo yao. Nimeusoma leo asubuhi.

Na kuna jingine. Nilikuandikia kwamba nimejaribu kwa mahindi makavu na mabichi. Ulikuwa uongo. Nilijaribu kwa mahindi ya dukani kwa Baba tu, makavu. Simu moja ikasema kumi na mbili, nyingine kumi na moja na nusu, nikasema nusu si kitu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza. Halafu nikakuambia unywe chai! Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Tafadhali usiingize gunia jingine. Nimeshasahihisha, na Jumatatu nakuja na kila kitu, tupime yote mia mbili na kumi na mawili upya. Moiben nimewaambia wangoje na nimewaambia kwa nini.

Hayo ya mwaka jana yatabaki kwangu. Hakuna atakayeyasikia kinywani mwangu.

Ciru


Ziwa
3 Desemba 2024

Ciru mwanangu,

Mikono yako imepona malengelenge? Kwa siku tano ulishika pauro ukigeuza mahindi kama mtu aliyezaliwa Ziwa. Mvua nayo ilituachia zile siku, sijui kwa nini, lakini sikuuliza. Yale magunia arobaini na matatu tuliyoyakuta mabichi yamekauka kwenye turubai, tumeyapima kwa simu zote mbili, na Ijumaa yaliingia ndani yote isipokuwa mawili tuliyowapa kuku.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu ulikuwa umeshaondoka.

Siku ya mkutano ulisimama mbele ya watu wote ukasema kosa ni lako peke yako. Ulieleza ile habari ya sifuri na moja mpaka hata Mzee Kigen akaelewa. Hukunitaja. Nami nilikaa kwenye benchi langu, mkono mdomoni, nikakuacha ubebe. Nilikuona ukienda kwenye gari mabega yamelegea, na sikuinuka.

Nilikaa na hilo siku nane. Jana tukakutana tena, nikasimama. Niliweka funguo za ghala mezani, nikawaambia yote. Meno, magunia sitini, kavu kavu kavu. Nilifika mwisho.

Mwenyekiti akauliza, "Sasa Mama, ungetuambia tu mwaka ule, si tungetafuta njia?"

Nikamwambia, "Ningesema aje? Mimi ndiye wa kuuma."

Halafu akasema, "Hata mimi nilificha simu. Unaambia watu aje simu ya bei kama hiyo ndiyo imeharibika?" Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, kwa woga.

Ndipo Mzee Kigen akainuka. Kati ya yale sitini, kumi na moja yalikuwa yake, kwa hiyo nilijiandaa. Akasema, "Gunia langu la juzi ulikataa na hayo meno ya duka?" Nikasema ndiyo. "Na lilikuwa bichi kweli?" Nikasema ndiyo. Akawageukia watu: "Basi hayo meno yanafanya kazi. Mpeni funguo zake twende nyumbani, mimi nina njaa."

Si wote waliofurahi. Wawili walitoka bila kunipa mkono, na sina la kuwalaumu. Lakini funguo nilirudishiwa. Tumeweka sheria pia: kila gunia simu mbili, na zikipishana hata kwa nusu, chupa ya chumvi inaamua.

Nina amani, mwanangu. Nimekuandikia haraka ili nawe uwe nayo.

Jepkemboi, Mama Diana


Kimumu
6 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, na chapati imeungua. Baba aliuliza ni nani amekufa, nikamwambia hakuna, ni Mzee Kigen ana njaa. Hakuelewa, lakini alicheka nilipocheka.

Mabega hayakulegea kwa sababu yako. Yalikuwa yanauma tu, pauro yenu ni nzito.

Sasa ninajua jambo ambalo hakuna aliyenifundisha ofisini. Kifurushi cha watu wengine ukikiingiza kwenye kazi yako, makosa ya hapo katikati ni yako, hata kama pande zote mbili ziko sahihi. Kwa hiyo nimeandika majaribio mapya. Kila nikibadilisha hata mstari mmoja, simu zote mbili lazima zitaje kwanza ngano, mahindi, shayiri na maharage, na zikubaliane. Lakini majaribio ya kompyuta hayana ulimi. Naomba niwe nikikuletea app kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, uitese kwa mahindi ya kila aina: yaliyolowa, ya nusu, ya juu ya mlundo, ya chini ya mlundo. Nitakulipa kama fundi yeyote, na usianze kukataa.

Moiben walikuja. Niliwaeleza kosa lote tangu mwanzo, hata ule uongo. Nilidhani wataaga. Mama mmoja akauliza, "Na huyo aliyelijua na meno, anaweza kuja kwetu siku moja?" Nikamwambia nitamuuliza.

Nakuuliza sasa.

Bado siwezi kusema kila kitu kiko sawa mpaka mwezi wa tano ufike na mlango ufunguliwe. Nahesabu.

Wako,
Ciru


Ziwa
Jumanne, 20 Mei 2025

Mwanangu Ciru,

Tulifungua ghala jana asubuhi. Najua ulikuwa Moiben, na najua ulikuwa umeshika simu ukingoja, lakini jambo hili sikutaka kulisema kwa simu.

Niliomba wote wabaki nje niingie kwanza peke yangu. Ukungu una harufu yake, na mwaka jana niliisikia kabla sijavuka kizingiti. Nilisimama mlangoni nikanusa. Nikafumba macho nikanusa tena. Mahindi tu. Nikaenda kwenye kona ya nyuma, pale hewa haifiki, nikafungua gunia la chini kabisa, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko na kuuzungusha. Ulitoka na vumbi.

Mwenyekiti akaita kutoka nje, "Mama, iko aje?" Nilikaa juu ya hilo gunia nikalia kama mtoto, kwa furaha, mpaka akaingia mwenyewe akanikuta, akadhani ni mabaya. Alitia mkono wake naye. Halafu akatoka nje akapiga kelele, "Leteni lori!"

Mnunuzi alikuja na kipimo chake, akapima gunia baada ya gunia akitafuta sababu ya kulalamika. Hakuipata. Wale wawili walioniacha bila mkono walikuwa wa kwanza kupakia, na mmoja alinisalimu.

Sasa nikuambie nilichofanya, usinicheke. Kabla hatujauza hata moja, nilichota mahindi ya hilo gunia la kona, nikasagisha, nikapika ugali, nikala peke yangu jana mchana, na jioni tena, na leo asubuhi nikala kiporo na chai. Niliwakataza wote nyumbani wasionje mpaka nione kama hayana sumu ya ukungu.

Niko mzima. Njoo Jumamosi ule.

Jepkemboi, Mama Diana